Msituletee Semina ya Siku Mbili

Barua ya wazi kwa wakuu wa Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Taasisi ya Ustawi wa Jamii, na vyuo vingine vinavyoandaa wataalamu wa afya ya akili Tanzania

Kata ya Tumati,
Wilaya ya Mbulu,
Mkoa wa Manyara.

YAH: OMBI LA MAFUNZO YA JUU YA TIBA KWA SANDUKU LA MCHANGA

Waheshimiwa wakuu na wakufunzi,

Kichwa cha barua hapo juu chahusika. Nimekiandika kwa herufi kubwa kwa sababu ndivyo wakubwa wanavyoandikiwa, lakini jambo lenyewe ni la watoto, na kuanzia hapa nitasema kwa lugha ya kawaida.

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, ubavu wa Mlima Hanang ulimeguka. Mvua ilikuwa imelowesha miamba laini ya huko juu, na tope likashuka pamoja na mawe na magogo, likakumba Jorodom na Gendabi, likaingia mpaka Katesh mjini. Watu zaidi ya 80 walikufa. Waliobomolewa makazi walijengewa nyumba zaidi ya 100 kule Waret, barabara ikasafishwa, maduka yakafunguliwa. Kazi hiyo inaonekana kwa macho na imehesabiwa. Asiyehesabiwa ni mtoto ambaye mawingu yakitanda anafunga daftari lake katikati ya kipindi na kwenda kusimama mlangoni.

Sisi wa Tumati tope halikutufikia. Lakini Wairaqw tumetapakaa Mbulu, Hanang, Babati na Karatu, na ukoo mmoja una nyumba pande zote. Mtu akifiwa Katesh, matanga yanakaliwa mpaka huku, na yatima analelewa na shangazi au mjomba popote alipo. Kwa hiyo mtoto wa maafa ya Hanang si lazima awe Hanang. Anaweza kuwa dawati la tatu kutoka mbele katika shule ambayo haikuandikwa kwenye orodha yoyote ya msaada.

Mimi ni mwalimu wa ushauri na unasihi katika shule ya msingi. Ninyi mnajua cheo hicho kinapatikanaje: mwalimu mkuu anatazama walimu alionao, anachagua asiyefoka sana, basi. Ninayo meza, viti viwili na daftari la kumbukumbu. Mtoto akiletwa kwangu namwuliza anajisikiaje, naye ananijibu, "Vizuri, mwalimu." Tumemfundisha sisi wenyewe kujibu hivyo tangu darasa la awali, akiwa amesimama wima, mikono nyuma.

Halafu kuna Kiswahili chenyewe. Watoto wetu wengi wamenyonya Kiiraqw, na Kiswahili wamekikuta shuleni. Watani zetu Wadatoga wana lugha yao, na bonde la Yaeda kuna Wahadza wenye lugha isiyofanana na nyingine yoyote. Mtaalamu akitoka Dodoma au Dar es Salaam anahitaji mkalimani, na mkalimani anayepatikana kwa haraka ni ndugu wa mtoto. Sasa niambieni, mtoto wa miaka minane atasemaje jambo la nyumbani mbele ya mama yake mdogo, ili mama mdogo alitafsiri kwa mgeni mwenye shati la shirika?

Ndiyo maana nilipokutana na sanduku la mchanga kwa mara ya kwanza nilivutiwa. Wengine watakaosoma barua hii hawajaliona, kwa hiyo wakufunzi mniwie radhi nikilieleza. Ni sanduku la mbao, upana sentimita 57, urefu 72, kina kama 7. Ndani limepakwa rangi ya buluu, ili mchanga ukisukumwa pembeni paonekane maji, na kingo zake ziwe anga. Vipimo vimechaguliwa ili mtoto alione sanduku lote kwa mtazamo mmoja, bila kugeuza shingo. Kando yake kuna rafu ya vitu vidogo: watu, wanyama, nyumba, miti, magari, silaha, majeneza. Mtoto anaambiwa ajenge apendavyo. Mtaalamu anakaa karibu, anatazama, haulizi ovyo, hasahihishi. Mtoto akimaliza, kilichojengwa hakibomolewi mbele yake.

Aliyeanzisha ni daktari wa watoto, Margaret Lowenfeld, ambaye baada ya Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi miongoni mwa watu waliokumbwa na vita na njaa Ulaya Mashariki. Mwaka 1928 alifungua kliniki yake London. Aliwahi kusoma kitabu cha H. G. Wells cha mwaka 1911 kuhusu michezo ya sakafuni, akakusanya vitu vidogo kabatini, na chumba chake kikawa na mchanga na maji. Watoto wenyewe ndio waliochukua vitu na kuvipeleka mchangani, wakakiita walichokijenga dunia. Hilo napenda kulikumbusha kila ninapoona wataalamu wakigombania nani mwenye njia sahihi: njia hii iligunduliwa na wagonjwa. Mwaka 1956 Dora Kalff kutoka Uswisi alikwenda kujifunza kwa Lowenfeld, akarudi karibu na Zürich, akaichanganya na mafundisho ya Carl Jung, na tawi lake likawa la ukimya zaidi. Matawi mengine yanaruhusu mtaalamu kuuliza, kumshauri mtoto asogeze kitu, hata kutumia sanduku na wanandoa na familia. Sitaingia katika ugomvi huo.

Nilihudhuria semina moja ya utangulizi katika mji mmoja wa kaskazini. Sitautaja wala walioiandaa, maana nia yao ilikuwa njema. Siku mbili. Projekta, chai, picha ya pamoja, cheti. Mwezeshaji alifungua sanduku la plastiki akatoa ngome, mfalme, malkia, joka na pengwini watatu. Tulicheka, tukajenga, na wengine, nakiri kwa niaba yao, walilia. Kisha tukarudi vituoni tukiwa na hamasa na vipeperushi. Mpaka leo sijasikia hata mmoja wetu aliyepigiwa simu kuulizwa anaendeleaje na sanduku lake.

Ombi langu linaanzia hapo. Waheshimiwa, tiba hii inaonekana nyepesi kwa sababu vifaa vyake ni vyepesi. Mchanga upo korongoni. Fundi seremala yupo. Mtu yeyote mwenye semina ya siku mbili anaweza kumweka mtoto mbele ya sanduku na kusema "jenga". Hatari iko kwenye yale yanayofuata.

Chukueni maji. Katika vipeperushi vya utangulizi maji ni kitu kizuri: mwachie mtoto aloweshe mchanga apate kuufinyanga. Mtoto wa Gendabi ukimpa mchanga na jagi la maji, umempa nini? Umempa tope. Pengine ndicho anachokihitaji. Atajenga nyumba, atamwaga, atafukia, atachimbua, na katika kuchimbua huko ataanza kuwa yeye anayeamua nani atoke hai. Lakini pengine siyo leo, siyo wiki hii. Na pengine atafukia nyumba ile ile, kwa namna ile ile, mara kumi, uso wake ukiwa umekauka, na kila akiondoka chumbani usiku wake unakuwa mbaya kuliko jana.

Hayo ya pili si ya kubuni. Julai 1976, huko Chowchilla, California, watoto 26 walitekwa wakiwa kwenye basi la shule, wakafungiwa ndani ya tela la lori lililofukiwa ardhini. Wote walitoka hai. Daktari wa akili Lenore Terr aliwafuatilia kwa miaka, akaeleza kwamba mchezo wa mtoto aliyeumizwa unaweza kuwa wa kujirudia, mzito, usio na furaha na usiomtua mzigo. Nje unaonekana mchezo kama michezo mingine. Kuutofautisha na ule unaoponya, kujua lini ukae kimya na lini umpe mtoto winchi, jembe au jirani wa kumsaidia kuchimbua, haifundishwi kwa slaidi. Inafundishwa kwa kukaa na mtoto, kisha kukaa na mtu mwenye uzoefu kuliko wewe, mkatazama tena kilichotokea. Hayo ndiyo ninayoyaita mafunzo ya juu.

Sijui kama wengi wenu mnafahamu habari ya maji kwa wazee wetu. Katika imani ya asili ya Wairaqw, Looa, ambaye jua ni lake, ni kama mama, mwenye huruma. Roho waitwao netlangw wanakaa majini, kwenye chemchemi na mito, na hao si wa kuzoelewa. Leo makanisa yamejaa kutoka Mbulu hadi Haydom, na ukimwuliza mzee wa kanisa atakuambia hayo yamepita. Lakini bibi bado anamkemea mjukuu anayechezea chemchemi jua likizama. Sasa mtaalamu aliyesoma kitabu cha Ulaya anaona mtoto amesukuma mchanga, ameacha duara kubwa la buluu, akaweka ng'ombe wote mbali nalo. Kitabu kimemwambia maji ni utulivu, ni kina cha nafsi. Ataandika hivyo kwenye faili. Mtoto alikuwa amechora mahali pa kuogopwa, na akawaokoa ng'ombe.

Sisemi kila duara la buluu Tumati ni netlangw. Huo nao ungekuwa upuuzi wa aina nyingine. Mtoto wa leo ameona bwawa, ameona bahari kwenye televisheni ya jirani, ameona mafuriko. Ninachosema ni kwamba mtaalamu wa ngazi ya juu anajua asichokijua, na ana adabu ya kusubiri. Mwenye cheti cha siku mbili ana kamusi ya alama kichwani, na kamusi hiyo inamwasha.

Kuna ukimya mwingine wa kwetu. Zamani nyumba iliyopatwa na misiba ya aina fulani, kama kufiwa na mtoto mchanga, ilijitenga. Watu wake hawakushirikiana chombo na majirani mpaka muda wake uishe. Desturi hiyo imepungua sana, lakini kivuli chake kipo: msiba mzito hauzungumzwi mbele za watu, na mtoto anafundishwa kutobeba habari za nyumbani kwenda nazo nje. Mshauri anayemlazimisha kusema anamlazimisha kuvunja heshima ya nyumba yake. Sanduku halimlazimishi. Ila mtaalamu akishamaliza akamwambia, "Huyu aliyelala hapa ni baba yako, siyo?" amemvua nguo hadharani, na wiki ijayo mtoto atajenga shamba zuri la mahindi na kondoo wawili, akamwambia amemaliza.

Vijisanamu navyo. Hatuhitaji pengwini. Tunahitaji ng'ombe wengi, punda, fisi, chui, nyoka, mbwa. Tembe na nyumba ya bati. Kinu na mchi, jembe la kukokotwa, mkuki, upinde, bangili. Bodaboda, basi, trekta, gari la polisi. Msalaba, kaburi, mlevi na chupa yake, muuguzi na sindano yake. Watoto wetu wanafinyanga ng'ombe wa udongo tangu hawajajua kusoma, na wanatengeneza magari ya waya yenye usukani. Rafu nzima inaweza kujazwa kabla ya kununua kitu dukani. Naomba tu jambo moja: anayekuja kutusaidia kupanga rafu asiondoe vya kutisha kwa kisingizio cha maadili. Nimeona mkuu mmoja wa shule akiondoa bunduki, jeneza na mlevi, akabakiza maua na malaika. Rafu ya namna hiyo inamwambia mtoto kabla hajagusa mchanga ni habari gani zinazotakiwa hapa.

Sasa niseme la sheria, kwa sababu hapa ndipo mtu aliyefunzwa nusu anaweza kuharibu maisha ya watu.

Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika 2009 na kutolewa 2011, ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Utafiti wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 58 ya wanawake wa Manyara wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote. Ukeketaji wa wasichana ni kosa la jinai tangu 1998, na kwa sababu hiyo umehamia usiku, na kwa watoto wadogo zaidi. Msichana anajua kwamba akifungua mdomo, mama yake au bibi yake anaweza kwenda jela. Huyo ndiye atakayeletwa mbele ya sanduku.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka yeyote anayejua haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa. Ni sawa, na lazima iwe hivyo. Lakini kilichojengwa mchangani si ushahidi. Mtoto akiweka kisu karibu na kijisanamu cha msichana, hajatoa maelezo ya polisi. Anaweza kuwa amesimulia yake, ya dada yake, au ya mbuzi wa Krismasi. Nahofia siku ambayo askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, kwa nia njema kabisa, atamwomba mwalimu picha ya sanduku aiweke kwenye jalada. Nahofia zaidi siku ambayo mwalimu huyo atampa. Na siku ya tatu, ambayo ni mbaya vilevile: mtoto anaposema kwa mdomo wake yaliyompata, na mtaalamu, akidhani kazi yake ni ukimya, ananyamaza hadi muhula unaisha. Kupita katikati ya hofu hizo kunahitaji mtu aliyejifunza sheria, aliyejifunza watoto, na mwenye mkubwa wa kumpigia simu jioni ile ile.

Picha zenyewe ni kesi nyingine. Utaratibu wa tiba hii ni kupiga picha sanduku baada ya mtoto kuondoka, ili mtaalamu aone safari yake wiki hadi wiki. Huku kwetu picha inapigwa kwa simu ya mkononi, simu ile ile yenye makundi ya WhatsApp ya shule, ya kwaya na ya ukoo. Kata ni ndogo. Mtu akiona sanduku lenye nyumba moja iliyofukiwa na gari jekundu pembeni, atajua ni la nani. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Katika semina yetu haikutajwa.

Mtu ataniuliza, na ni haki yake: kwa nini mchanga? Mbona zipo tiba zilizopimwa zaidi? Ni kweli zipo. Moja imepimwa jirani kabisa. Moshi upande wetu na Bungoma upande wa Kenya, watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili waliingizwa katika jaribio la tiba ya makundi inayolenga kiwewe, matokeo yakachapishwa 2020. Waliotoa tiba walikuwa washauri wa kawaida wa jamii, si wanasaikolojia, na sehemu nyingi ilileta nafuu kuliko huduma iliyozoeleka. Sanduku la mchanga halina ushahidi wa uzito huo katika nchi yetu, na wanaolipigia debe wasijifanye linao. Kwa hiyo siombi mchanga uchukue nafasi ya tiba ile. Naombea watoto ambao maneno hayajafika: wadogo, waliokuja shuleni jana na Kiswahili cha salamu, walionyamaza tangu msiba. Wengine wataanzia mchangani na kuishia kwenye maneno. Wengine hawatahitaji maneno.

Na ninalolipenda zaidi katika kazi ya Moshi na Bungoma ni jinsi washauri wale walivyosimamiwa. Hawakuachwa. Mtu wa kawaida akisimamiwa kwa karibu anafanya kazi ambayo daktari bingwa asiyefika hawezi kuifanya. Eva Pattis Zoja, mwanasaikolojia wa Italia, ameonyesha jambo la namna hiyo kwa mchanga wenyewe: Afrika Kusini, Kolombia, na China baada ya tetemeko la Sichuan la Mei 2008. Watoto wanakaa pamoja chumba kimoja, kila mmoja na sanduku lake dogo, na kila mmoja ana mtu mzima wake anayekaa kando kimya. Watu wazima hao ni wa kujitolea. Nyuma yao yupo mtaalamu aliyefunzwa kweli, anayeketi nao kila watoto wakiondoka. Nikifikiria akina mama wa Tumati, wanaoweza kukaa na mfiwa kutwa nzima bila kusema neno na bila kuona aibu, naona nusu ya kazi tayari wanaijua. Inayobaki ndiyo ninayowaomba ninyi.

Basi, waheshimiwa, msitufundishe watu hamsini. Tufundisheni watano au sita: afisa ustawi wa jamii, muuguzi wa afya ya akili, walimu wawili wanaojua Kiiraqw, mmoja anayejua Kidatoga. Wachaguliwe kwa kuangalia jinsi wanavyokaa na watoto, maana wakichaguliwa kwa cheo, posho itamchagua mkubwa na mtoto atabaki na asiyechaguliwa. Mafunzo yawe ya miaka miwili, ya kuja na kurudi, ili watu wasiache vituo. Kila mmoja ajenge kwanza masanduku yake mwenyewe, mbele ya mkufunzi, kwa miezi, mpaka aone mwenyewe mchanga unavyoweza kutoa ndani ya mtu jambo ambalo hakukusudia kulitoa. Vyama vya kimataifa vya tiba hii vinalidai hilo kwa mtaalamu kabla ya kumpa jina, pamoja na usimamizi mrefu na maelezo kamili ya mgonjwa mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Sioni kwa nini mtoto wa Mbulu apate mtaalamu aliyedaiwa machache kuliko mtoto wa Zürich.

Usimamizi usikatike. Mtandao ukiwepo, kwa simu. Ukikosekana, mkufunzi aje. Haydom kuna hospitali tangu 1955 na kuna chuo cha afya. Mahali pa kukutania pasiwe sababu. Vitabu na miongozo viwe vya Kiswahili, vilivyoandikwa na mtu aliyewahi kukaa na watoto wa huku. Na mzungumze na waajiri wetu kuhusu uhamisho, kwa sababu mtu anafundishwa kwa gharama ya serikali Januari, Julai anahamishiwa mkoa mwingine kufundisha hisabati, na watoto waliokuwa wameanza kujenga wanakuta mlango una kufuli.

Chuo kitakachokuwa cha kwanza kuweka tiba hii katika mtaala wake, pamoja na masaa ya usimamizi yaliyoandikwa kwa tarakimu na kulipiwa, nitakishukuru kwa barua ndefu kuliko hii. Atakayetaka kuanza na semina ya siku mbili ili "kuamsha uelewa", namwomba akae nyumbani. Uelewa tunao.

Kwa upande wetu, fundi wa Dongobesh ameshakubali kupasua mbao kwa vipimo nilivyompa. Aliuliza kama ni trei za mkate. Mchanga tutauchekecha, tutauosha na kuuanika juani wenyewe. Wanafunzi wa darasa la sita wameanza kufinyanga ng'ombe, na tayari ni wengi mno. Chumba kipo, cha stoo ya zamani, kina dirisha na mlango unaofungwa kwa ndani na nje, na kufuli ya pili tutanunua. Tukubaliane tu mkufunzi asije wakati wa masika, barabara haitamruhusu. Mwezi Juni ni mzuri, mavuno yameanza na mzazi ana muda wa kusikiliza ombi la ridhaa na kuuliza maswali yake kabla hajaweka sahihi au dole gumba.

Majibu yatumwe kupitia ofisi ya Mtendaji wa Kata. Nitapita kuulizia kila Ijumaa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa ushauri na unasihi,
Kata ya Tumati, Mbulu.